"Set" moja, maana mia nne: sekondari tuendelee na Kiingereza?

MamaNyakato (mleta mada):
Jana usiku nimekaa na mwanangu wa kidato cha pili, hesabu. Swali linaanza, "Set out your working", yaani onyesha hatua zako kwa mpangilio. Yeye kafungua yale mabano yenye mkunjo katikati, ya kuandikia seti (kundi la namba), kamwaga namba zote humo kama dagaa kwenye beseni, kafunga. "Si wamesema set, mama?" Miaka saba ya msingi kasoma kwa Kiswahili, halafu anatupiwa neno lenye maana mia nne. Kwa nini tusifundishie Kiswahili mpaka kidato cha nne?

FundiIgoma:
Pole mama. Mimi saiti mhandisi mgeni aliniuliza, "Has it set?" Nikakimbia stoo nikamletea seti ya spana. Kumbe anauliza kama zege limeshika.

KamusiMbili:
Hiyo mia nne ni ya kamusi ya Oxford ya 1989, 430 kama sikosei. Siku hizi "run" imeipita, ina mia sita na kitu.

MtuWaPwani:
Mbona "piga" yetu hamuisemi? Simu, pasi, deki, kura, magoti, mswaki, vyote tunapiga. Tena samahani, nyie wa Mwanza mnaosema "alikuwaga" ndio mtafundishia Kiswahili?

MzeeMwaloni:
Wewe, "-ga" imekuumiza wapi? Ni Kisukuma, inaonyesha mazoea. Sato wetu mnamlaga vizuri tu, ikifika kwenye neno mnaona miiba.

MtuWaPwani:
Shikamoo mzee. Mazoea tuna "hu-": huja, hula. Mtu alikuwa au hakuwa, basi.

MzeeMwaloni:
Marahaba. Marehemu mama alikuwaga ananisubiri mwaloni kila alfajiri. Haya, itoe hiyo "-ga".

MtuWaPwani:
Alikuwa akinisubiri mwaloni kila alfajiri.

MzeeMwaloni:
Huyo sasa ni mama wa taarifa ya habari. Wangu alikuwaga na kanga imelowa.

FundiIgoma:
😂😂 Mzee kamaliza.

TichaBuhongwa:
Jamani, mada. Nafundisha hesabu. Swali hilo angeulizwa "onyesha hatua" angelipata, hilo sibishi. Ila akifika chuo vitabu vyote Kiingereza, nani atamshika mkono?

KamusiMbili:
Ticha, mbona kwa sasa darasani mnafafanua kwa Kiswahili halafu mtihani kwa Kiingereza?

TichaBuhongwa:
Wewe umewahi kusimama mbele ya watoto themanini? Njoo kesho, chaki ninazo.

KamusiMbili:
Nimeuliza tu, usipaniki.

MtuWaPwani:
Na hao watoto themanini wote wanasema "nilikujaga"?

MamaNyakato:
Mmenisahau. Leo karudi na "cell". Baiolojia kaambiwa ni seli, fizikia kaambiwa ni betri. Ananiuliza ipi ya kweli.

MzeeMwaloni:
Mwambie zote. Kwani huyo mtoto anasomaga wapi?

MtuWaPwani:
Anasoma, mzee. Anasoma.