Eneobunge la 94 Virginia: matokeo yanagongana

Swali: Wadau, naandaa jedwali la uchaguzi wa bunge la chini la jimbo la Virginia, Marekani. Eneo la 94 mwaka 2017 linaonyesha 11,608 kwa 11,608, ila mshindi ni David Yancey. Mwaka 2023 mpinzani wake, Shelly Simonds, yuko eneo la 70. Nijaze vipi?

Jibu 1: Tarakimu ni sahihi. Hesabu ya awali ilimpa Yancey uongozi wa kura 10, kurudia kuhesabu kukampa Simonds ushindi wa kura 1. Kesho yake majaji watatu wakakubali karatasi moja ya kura iliyokuwa imekataliwa, wakaihesabu ya Yancey: viduara vya wote wawili vilijazwa, cha Simonds kikakatwa mstari. Wakalingana, na sheria ya Virginia huamua sare kwa kuchagua jina bila kuangalia. Januari 4, 2018 jina la Yancey likatolewa bakulini. Republican, chama cha Yancey, wakabaki na viti 51 kwa 49 vya Democratic. Andika kura sawa, kisha "bahati nasibu" kwenye safu ya maelezo, usimwongezee kura.

Jibu 2: Ongeza safu ya ramani ya mipaka ya maeneo, ndipo wengi hukosea. Mwaka 2019, Simonds alipomshinda Yancey, mipaka ilikuwa imebadilishwa kwa amri ya mahakama. Ramani zilizoanza kutumika 2023 zilibadilisha hata nambari, kwa hiyo la 94 la sasa si lile la 2017. Linganisha vituo vya kupigia kura, na uangalie kama navyo viligawanywa.