Supamaketi za kishua, mnatuuzia harufu na rangi kwa bei ya kitu halisi. Inatosha!

Wakuu, heshima kwenu. Hasira hii ninayo tangu juzi, leo naitoa yote.

Kwanza niwawahi wale wa "kwani ugali dagaa umeisha?" Haujaisha, na ninaula. Ila napenda kupika. Mshahara ukiingia, kodi ya nyumba na ada za watoto zikishatoka, kuna kiasi nakitenga, naingia supamaketi kubwa huku Masaki, Dar, nachukua kitu kimoja viwili vya maana. Mwingine anatenga hela ya bia, mwingine ya kubeti, mimi natenga ya jibini na viungo. Ni jasho langu. Kwa hiyo ghali siyo kesi yangu, bei nimeiona na nimeikubali mwenyewe. Kesi yangu ni kulipa bei ya kitu halafu nafika nyumbani kitu chenyewe hakimo.

Chukua mafuta ya trufeli. Kichupa cha mililita 100, shilingi 74,000. Mbele wamechora uyoga mweusi umekatwa vizuri mpaka unatamanisha. Geuza nyuma, kwenye maandishi ya kusomea na miwani: mafuta ya zeituni, na "aroma", yaani kitu cha kutia harufu. Basi, hakuna kingine. Hiyo aroma kwenye mafuta mengi ya aina hii ni kemikali ya kiwandani inayoitwa 2,4-dithiapentane, inayoiga harufu ya trufeli nyeupe. Trufeli ya kweli ni uyoga unaoota chini ya udongo kwenye mizizi ya miti, kule Alba nchini Italia wanautafuta porini kwa mbwa waliofundishwa, na ukishachimbwa harufu yake haidumu, ni suala la siku chache tu. Hapo naelewa kwa nini mtu anadai hela nyingi. Kemikali ya maabara inadai hela nyingi kwa lipi? Sisemi ni sumu. Nasema siyo trufeli, na duka linajua siyo trufeli.

Siki ya balsamiko ndiyo ilinipandisha presha hasa. Kuna ile ya asili ya Modena, Italia, wenyewe wanaiita Tradizionale. Hiyo ni juisi ya zabibu tupu, inapikwa, kisha inalazwa kwenye mapipa ya mbao si chini ya miaka 12, na daraja la juu si chini ya 25. Inatoka kwenye chupa maalumu ya mililita 100, umbo lilelile kwa watengenezaji wote wa Modena. Halafu kuna ya kawaida, ina alama ya IGP, ile ya Ulaya ya kuonyesha eneo bidhaa inakotoka: siki ya divai na juisi ya zabibu vimechanganywa, karameli inaruhusiwa kwa ajili ya rangi, na muda wake wa chini ni siku 60. Nayo ni halali, kwenye kachumbari inakaa vizuri tu. Sasa duka hili limechukua hiyo ya IGP, likabandika kadi yake lenyewe kwenye shelfu: "ya miaka 12". Nikamwita mhudumu nikamwonyesha chupa. Akaniambia, "Dada, hiyo ndiyo inayotoka sana." Nikaomba meneja. Akaja, hata chupa hakuishika: "Dada yangu, sisi tunauza kama tulivyoletewa na msambazaji." Kadi imechapwa na nyinyi, ina nembo yenu! Msambazaji anaingiaje hapo?

Na zafarani. Jamani, zafarani! Nimezaliwa Tanga, nimekulia kwenye nyumba ambako zafarani ililetwa na ndugu aliyetoka Muscat, ikafichwa kabatini ikasubiri biriani ya Idi. Ua moja linatoa nyuzi tatu tu, zinachumwa kwa mkono, na kilo moja inataka maua kama 150,000. Nyingi inatoka Iran. Ukijua kazi hiyo hulalamikii bei. Nimenunua kiboksi cha gramu moja, nikaloweka kwenye maji ya vuguvugu. Sekunde ileile maji yakawa mekundu kama soda, na nyuzi zikabaki nyeupe! Zafarani halisi inaachia umanjano taratibu na uzi wenyewe unabaki mwekundu. Harufu, hakuna hata ya kusingizia. Wageni wako sebuleni, wali umeiva nusu, nikamalizia na manjano.

Ningenunua ya kupimiwa pale sokoni Darajani, Zanzibar, ningejua najitetea mwenyewe: ningenusa, ningeonja uzi mmoja, ningebishana na muuzaji mpaka tuelewane. Supamaketi boksi limefungwa, siruhusiwi hata kulifungua. Ile nyongeza ninayolipa pale ni ya kuaminiana, kwamba kuna mtu aliyekagua kwa niaba yangu. Nani amekagua?

Mafuta ya zeituni ya "extra virgin", yale ya daraja la juu, nayo yamepangwa dirishani kwenye chupa zinazopitisha mwanga, jua la saa nane linayapiga. Mwanga na joto vinaharibu mafuta hayo, anayeuza chakula cha bei hiyo lazima alijue. Jibini za Ulaya nimezikuta zimetoa jasho ndani ya plastiki. Na wakati huohuo jibini zinazotengenezwa hapahapa nchini kwa maziwa ya wafugaji wetu, pale dukani hazipo kabisa.

Sheria ipo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na FCC, Tume ya Ushindani, ndiyo yenye meno hapo. Usalama na ubora wa chakula uko TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, ulipotolewa kwa iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Nataka wapite kwenye hizi shelfu za vitu vya gharama, wasiishie kwenye unga na mafuta ya kupikia tu. Eti mnunuzi wa vitu hivi ana hela hivyo haonewi? Kuibiwa ni kuibiwa.

Na kwenu wenye duka, najua mnapita humu: toeni ile kadi ya miaka 12 leo. Pelekeni hizo zafarani maabara kabla hamjauza boksi jingine.

Kichupa, boksi, nyuzi zilizobaki na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninavyo, wiki hii navipeleka FCC. Wakuu mlionunua zafarani ya kiboksi cha bati, kifuniko chekundu, msitupe boksi wala risiti. Jaribuni na maji ya vuguvugu, pigeni picha, wekeni hapa. Tukienda wengi hawatatuambia habari za msambazaji.