Naomba ushauri: kitenzi cha Kiingereza "get" kinanichanganya

Habari zenu wakuu. Nilikariri kwamba "get" maana yake ni kupata, basi. Sasa nakutana na "get tired", kuchoka. "Get home", kufika nyumbani. "I get it", nimeelewa. Ukikiongezea kijineno mbele ndiyo kinageuka kabisa: "get up" ni kuamka, "get over" ni kupona ugonjwa au hata machungu ya kuachwa. Ila "have got" ndiyo imenimaliza, maana ni kuwa na kitu sasa hivi, wakati umbo lake ni la tendo lililokwisha! Wamarekani nao wana "gotten" yao, umbo jingine la kitenzi hikihiki.

Mliopita njia hii, nikariri kila fungu la maneno peke yake? Na kwenye barua rasmi nikitumie, au nitafute kitenzi kingine?