"Uteuzi wa mtandao", "uteuzi wa seli", "makabidhiano": tuyafasili vipi yasigongane?

Faharasa
Wakuu, naandaa faharasa ya Kiswahili kwa timu inayopima simu na modemu. Rasimu inasema: "Uteuzi wa mtandao ni kitendo cha simu kuchagua mtandao ulio bora." Sentensi hiyo imeshazua ubishi. Mmoja anaielewa kuwa ni kuchagua mtoa huduma, mwingine kuhama mnara hadi mnara, wa tatu anaipeleka kwenye Wi-Fi. Nahitaji fasili inayomwezesha mpimaji kuamua kama jaribio limefaulu au limefeli. Na hilo "bora" lipimwe kwa nini?

Masafa
Mkuu, anza kwa kulifuta "bora". Simu haiteui mtandao kwa kushindanisha nguvu za mawimbi, inafuata foleni ya vipaumbele iliyowekwa na 3GPP, shirika la viwango vya mitandao ya simu, katika waraka wake TS 23.122. Kinachoteuliwa ni PLMN, yaani mtandao unaotambulishwa kwa msimbo wa nchi (MCC, tarakimu 3) na msimbo wa mtandao (MNC, tarakimu 2 au 3).

Katika hali ya kujiteulia, simu ikiwashwa hujaribu kwanza mtandao iliojisajili mara ya mwisho. Ukikosekana, unafuata mtandao wa nyumbani au ulio sawa nao, orodha ya mtumiaji, orodha ya mtoa huduma, kisha mitandao mingine yenye mawimbi ya kutosha, *kwa nasibu*. Iliyo chini ya hapo ndiyo hupangwa kuanzia yenye mawimbi makali. Kwa LTE, "ya kutosha" maana yake RSRP (nguvu ya mawimbi ya rejea inayopimwa na simu) ya −110 dBm au zaidi. Kwa hiyo wa −80 na wa −105 katika kundi hilo wana haki sawa, na mpimaji anayeandika "imefeli, imeteua mtandao dhaifu" amekosea yeye, si simu.

Ningeandika: *Uteuzi wa mtandao: utaratibu ambao simu, yenyewe au kwa amri ya mtumiaji, huteua PLMN ya kujaribu kujisajili.*

Neno "kujaribu" lisiondolewe. Mtandao ukikataa kwa sababu namba 11 (PLMN hairuhusiwi), uteuzi ulishafanyika. Kilichoshindwa ni usajili. Hapo ndipo majaribio mengi huharibika, maana PLMN iliyokataa huandikwa kwenye orodha ya mitandao iliyokatazwa ndani ya SIM (faili 6F7B) na kuzima simu hakuifuti. Jaribio linalofuata litaruka mtandao huo bila dalili yoyote. Jaza faili hilo FF (yaani liwe tupu) kabla ya kila jaribio, au uteue kwa mkono: njia ya mkono haizuiwi na orodha hiyo, na usajili ukikubaliwa jina huondolewa.

Kizingiti
Naongezea seli, yaani eneo linalohudumiwa na redio moja ya mnara, maana ndiyo inayochanganywa zaidi. Jiulize nani anaamua, na simu iko katika hali gani.

Katika hali tulivu, yaani simu haina muunganisho unaoendelea, anaamua simu. *Uteuzi wa seli* ni kupata seli ya PLMN iliyokwisha kuteuliwa na kutua juu yake, sharti Srxlev (alama ya nguvu ya mawimbi) na Squal (alama ya ubora wake) zote zizidi 0. Srxlev, kwa ufupi, ni kipimo kutoa Qrxlevmin (kiwango cha chini kinachotakiwa na seli), kisha kutoa fidia ya nguvu ya kurusha. Angalizo: katika SIB1, ujumbe ambao seli hutangazia simu zote, Qrxlevmin hutangazwa ikiwa nusu. Ukisoma −60, ni −120 dBm. Simu ikipima −117 na fidia ni 0, Srxlev ni 3 na seli inafaa. Asiyezidisha kwa 2 atadhani simu imetua pasiporuhusiwa.

*Uteuzi upya wa seli* ni kuihama seli hiyo. Kwa masafa yenye kipaumbele sawa, jirani lazima aongoze kwa muda wote wa Treselection (kipindi cha kusubiri kinachotangazwa na mtandao), na simu iwe imekaa zaidi ya sekunde 1 pale ilipo. *Makabidhiano* ni kitu kingine kabisa: simu ina muunganisho, inatuma vipimo, na mtandao ndio unaoamuru.

Tenganisha pia "seli stahiki" (huduma kamili) na "seli ya dharura tu". Simu iliyotua kwenye ya pili imetua kweli, ila huduma ni finyu.

Beikoni
Wi-Fi ipe ukurasa wake. Huko mtumiaji huteua SSID, jina lisilozidi baiti 32, na kifaa huteua BSSID, yaani redio mahususi. IEEE 802.11, kiwango cha Wi-Fi, haikilazimishi kifaa kanuni ya kuteua; nyongeza yake 802.11v huruhusu kituo (kisambaza Wi-Fi) kupendekeza tu. Na "romingi" katika Wi-Fi ni kuhama kati ya vituo vya SSID moja, ilhali kwenye simu ni kutumia mtandao usio wa nyumbani. Usiweke fasili moja kwa yote mawili.

Faharasa
Nimeelewa, asanteni sana. Swali moja: simu iko kwenye romingi, mtandao wa nyumbani unarudi hewani, lakini haihami. Ni kasoro?

Masafa
Si lazima. Hutafuta kwa vipindi vilivyoandikwa kwenye SIM (faili 6F31), kila kizio kikiwa dakika 6, na kipindi kirefu zaidi masaa 8. 0A (10 kwa heksadesimali) ni dakika 60, na ndiyo chaguo-msingi pasipo thamani. 00 maana yake haitafuti kabisa. Tena hutafuta ikiwa katika hali tulivu tu, hivyo simu inayopakua data mfululizo itachelewa zaidi. Weka 01 wakati wa kupima.