Mjadala: Dereva wa matatu kunyimwa bima kamili ya gari lake la nyumbani, ni haki?

Abuu wa Kisauni
Asalaam aleikum wenzangu. Naleta swali hili tulijadili bila matusi. Mimi ni dereva wa matatu, laini ya Mtwapa mpaka Posta. Mwaka huu Mungu amenijalia kigari changu, Vitz, cha kupeleka watoto madrasa na mamangu kliniki. Si teksi wala si cha kukodisha. Nikaenda kampuni moja ya bima hapa mjini Mombasa nikitaka bima kamili, ile inayolipa hata gari lako likigongwa au likiibwa. Yule dada alinipokea vizuri sana mpaka tulipofika mahali pa kujaza kazi. Niliposema dereva wa matatu, akaingia ndani, akarudi na jibu: thadi pati, ya kuwalipa wengine ukiwaumiza, tutakupa, kamili hatuwezi. Nikamuuliza, gari lina kasoro? Hapana. Leseni yangu? Haina tatizo. Nimewahi kudai fidia? Sijawahi. "Ni kazi yako tu, kaka."

Sasa nambieni. Kupata beji ya PSV, ya kuendesha gari la abiria, nilipeleka cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Mwalimu au daktari haulizwi cheti hicho ili aendeshe gari lake. Serikali imenikabidhi abiria 14 kila safari, kampuni haitaki kuniamini na wanangu mwenyewe?

Mpenda Utulivu, Tononoka
Bima ni biashara, si sadaka. Matatu zimezamisha kampuni ngapi nchi hii? United 2005, Standard 2009, Blue Shield 2011, zote zilikuwa kwenye bima ya matatu. Anayeendesha Nissan ya matatu mchana ndiye huyo huyo atakayeendesha Vitz usiku. Mguu ushazoea kukanyaga mafuta, muguka, yale majani ya kulevya, shavuni, muziki wa kupasua masikio. Atageuka malaika akifika kwake?

Abuu wa Kisauni
Muguka umeitoa wapi, ndugu yangu? Mimi sitafuni na sijawahi kutafuna. Nimeuliza habari ya bima.

Kijana wa Kongowea
Huyo wa Tononoka muguka imemkosea nini? Mimi nauza muguka, sijifichi. Gavana wetu Abdulswamad aliipiga marufuku Mei 2024, mahakama ikasimamisha agizo lake, mambo yakaendelea. Kwa hiyo ni biashara halali na kodi ya kibanda nalipa. Kila mkikosa la kusema mnatutaja sisi.

Mama Zuwena
Halali kwa nani? Njoo Majengo jioni uwaone watoto wa watu walivyo, meno yamekuwa rangi nyingine na shule wameacha. Nina mpwa wangu ameuza hadi viatu vya babake. Mahakama ilisikiliza wakulima, sisi wazazi tulisikilizwa wapi? Msinichokoze na mambo ya muguka.

Mzee wa Nkrumah Road
Tupunguze moto. Nimefanya kazi ya bima hadi nikastaafu, acha niseme linalozungumzwa ndani. Haihusu mguu wala muguka. Wanaogopa matumizi. Mtu anakata bima ya gari la nyumbani kwa bei nafuu, kisha Ijumaa usiku anabeba watu Bamburi kwa pesa, Jumamosi analikodisha harusini. Na ile sheria ya thadi pati, Cap 405, inaibana kampuni: aliyeumizwa akishinda kesi lazima alipwe, hadi milioni 3 kwa mtu mmoja, hata kama mwenye gari alivunja masharti. Kampuni inalipa kwanza, kisha ndiyo imkimbize mteja wake. Kumpata mteja huyo akiwa na kitu cha kulipa ni kazi. Dereva wa matatu anajua njia na anajua abiria, kwa hiyo wanamshuku mapema.

Abuu wa Kisauni
Shikamoo mzee. Nimekuelewa, lakini angalia hapo. Hatari uliyoitaja, ya kulipa walioumizwa, iko ndani ya thadi pati. Na thadi pati ndiyo waliyokubali kuniuzia! Walichonikatalia ni kutengeneza gari langu likigongwa na kunilipa likiibwa. Basi wanaogopa nini hasa?

Shemeji, Likoni
Mnamzungusha bure. Ami, nenda kampuni nyingine, andika "mfanyabiashara". Kwisha. Nusu ya watu ninaovuka nao feri wameandika hivyo. Nani atakuja kwako kukagua?

Binti wa Tudor
Usimsikilize, kaka Abuu! Siku ya kukata hawaji kukagua, watakuja siku ya kudai. Gari likishaibwa ndipo mpelelezi anapotumwa hadi steji kuuliza unafanya kazi gani, na makanga wako atajibu kwa nia njema kabisa. Ukishaficha jambo ambalo fomu ililiuliza, umewapa njia ya kukataa kulipa, na pesa zako za mwaka zimekwenda. Huo ni ushauri wa uongo na utamtia mtu hasarani.

Shemeji, Likoni
Unaniita mwongo? Mimi nina umri wa babako. Nimemwambia mtu namna watu wanavyoishi mji huu, wewe umesoma karatasi mbili unakuja kunifundisha. Bima yangu nimeikata hivyo miaka na miaka.

Binti wa Tudor
Shikamoo baba, sikukusudia kukuvunjia heshima. Lakini swali ni moja: umewahi kudai?

Dereva wa Trela, Miritini
Hajajibu hapo, ameingia feri.

Mimi niko upande wa Abuu. Sisi wa malori tulianza kuonekana hatufai tangu SGR, reli mpya, ianze kubeba makontena 2018. Kazi ikapungua, wengine wakahamia matatu na teksi za simu. Ukitaja kazi ya usukani popote, benki au bima, uso wa mtu unabadilika. Na aliyeko bandarini kwenye meza, anayeendesha kutoka klabu saa tisa usiku, anapewa bima na kalenda juu.

Mpenda Utulivu, Tononoka
Usibadilishe mada. Nani aliyeziba daraja la Nyali jana asubuhi kwa kupanga laini zaidi ya zilizopo? Ni karani wa bandari au ni matatu?

Dereva wa Trela, Miritini
Jana waliobanana pale kwanza walikuwa tuktuk na magari ya wakubwa wa Nyali. Nilikuwepo.

Mwenye Tuktuk, Bombolulu
Tuktuk tena? Mtu amelilia bima, tunapigwa sisi!

Binti wa Tudor
Jamani, turudi. Katiba ya 2010, Ibara ya 27, inakataza ubaguzi na inataja rangi, jinsia, dini, ulemavu, umri na mengine. Kazi haikutajwa, lakini orodha ile haikufungwa. Sisemi Abuu atashinda kesho mahakamani. Nasema adai sababu kwa maandishi. Wakimjibu au wakikaa kimya, apeleke malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Neno la mdomo la kaunta halina mtu wa kulijibia.

Mzee wa Nkrumah Road
Binti amesema vizuri. Na Abuu, tafuta broka, usiende kaunta mwenyewe. Beba barua kutoka Sacco yako, chama cha matatu, kwamba kazini unaendesha gari la mwenye matatu, na hiyo Vitz haimo kwenye laini. Kubali kifaa cha kufuatilia gari kifungwe. Kuna kampuni zitakusikiliza, labda wakuongezee kiasi unachobeba mwenyewe gari likigongwa. Kuhusu swali lako la thadi pati, sina jibu la kukuridhisha.

Abuu wa Kisauni
Ahsante mzee, ahsante dadangu. Barua ya Sacco nitaiomba kesho. Lakini kuongezewa mzigo kwa kosa ambalo sijalifanya bado sikukubali. Wakague rekodi yangu. Nikigonga watu, waninyime na nitanyamaza.

Kijana wa Kongowea
Mama Zuwena bado sijakujibu. Huyo mpwa wako nilimkataza mimi mwenyewe kibandani, akaenda kwa jirani. Na nyinyi nyumbani mlikuwa wapi?

Mama Zuwena
Kibanda chako kiko upande gani wa soko? Nakuja nikujibu hapo hapo.