Naomba ushauri: kuwaonyesha vijana filamu ya No Room at the Inn

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu filamu ya Uingereza ya mwaka 1948, No Room at the Inn, inayoonyesha watoto waliohamishwa kutoka kwao wakati wa vita wakiteseka kwa njaa na uchafu nyumbani kwa mlezi mlevi, Bi Voray, ambaye Freda Jackson anamwigiza kwa namna ya kutisha mno. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Watoto, iliyochochewa na kifo cha mtoto Dennis O'Neill mikononi mwa walezi wake mwaka 1945. Ningependa kuwaonyesha vijana waliokulia katika makao ya watoto, lakini nahofia kuwatonesha vidonda. Je, niionyeshe yote, au niteue sehemu chache? Mliowahi kufanya kazi hii, mliwaandaaje?