MREJESHO: Seva ya barua pepe iliyokuwa inazimika nikitoka SSH

Wakuu, niliuliza kwa nini Dovecot (programu ya seva ya barua pepe) niliyoiwasha kwa amri kwenye kompyuta ya ofisini hapa Mbale inazimika kila nikitoka SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali), Thunderbird, programu ninayosomea barua, ikabaki imekwama. Ahsanteni sana kwa majibu.

Nilianza na tmux (programu inayoacha amri ziendelee hata ukitoka SSH) kama wengi mlivyoshauri. Ilikaa vizuri mpaka umeme ulipokatika; kompyuta ikawaka tena, tmux haikurudi. Kwa umeme wetu huu, hapo hakuna ufumbuzi.

Kilichofanya kazi ni ushauri wa kuigeuza Dovecot iwe huduma ya mtumiaji chini ya systemd (programu ya Linux inayowasha na kusimamia huduma): systemctl --user enable, kisha loginctl enable-linger. Hiyo ya pili msiiruke, maana bila yake systemd huzima huduma zako ukishatoka, na haiziwashi mpaka uingie tena. Poti 143 (mlango wa kawaida wa kusomea barua pepe kwa IMAP) ilikataa kwa sababu siendeshi kwa root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo (poti zilizo chini ya 1024 kwa kawaida ni za root), nikahamia 1143. Sasa umeme ukirudi seva inaamka yenyewe.

Simu bado. Seva inasikiliza 127.0.0.1 tu (yaani inapokea miunganisho ya kompyuta yenyewe pekee), laptop inapita ndani ya SSH kwa ssh -L 1143:127.0.0.1:1143 bila shida, ila kwenye simu nimeshindwa, nimeiacha kwanza.